Baiskeli ya kale ya Kiingereza: Hazina ya ufundi inayouzwa kwa kilo

MNUNUZI wa vyuma vikuukuu hana haja na historia. Akiletewa sufuria iliyotoboka, jiko lililooza kwa kutu au baiskeli ya marehemu babu, swali lake huwa ni moja tu: Ni kilo ngapi?

Kwa mizani yake, baiskeli ya kale ya Kiingereza, ile nyeusi, ndefu, yenye breki za vyuma vya kuvuta, ina kilo 18 hadi 20. Akishang'oa matairi na tandiko, hubaki feleji tupu. Hulipa alichoafikiana na mwenye mali, akaitupa juu ya mabati mkokotenini na kwenda zake. Muda mfupi baadaye, kitu kilichoundwa na mikono mingi kwa hatua nyingi huwa kimeingia tanuruni.

Makala haya yanakusudia kueleza kile ambacho mizani hiyo haiwezi kupima. Yamkini msomaji anayo baiskeli ya aina hii nyumbani, imeegemezwa ghalani au nyuma ya jiko, na hajui ni kitu gani alichonacho. Ni vyema ajue kabla ya mwenye mkokoteni kubisha hodi.

Ilikotoka

Umbo la baiskeli tunalolijua leo, lenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, lilipata mashiko mwaka 1885 katika mji wa Coventry, Uingereza. Aliyeliunda ni John Kemp Starley, na baiskeli yake aliiita Rover. Kabla ya hapo, waendeshaji walikuwa wakiketi juu ya gurudumu kubwa la mbele, na aliyeanguka alianguka kutoka mbali. Ndiposa baiskeli hii mpya ikasifiwa kuwa baiskeli ya usalama. Jina Rover lilienea kiasi kwamba hadi leo Wapolandi huita baiskeli yoyote ile 'rower'.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza mjini Belfast tairi lenye kujazwa hewa. Kuanzia hapo, baiskeli ikawa chombo cha kusafiria, wala si mchezo wa vijana wenye mifupa migumu.

Miji ya katikati mwa Uingereza ndiyo iliyonufaika zaidi. Coventry, Birmingham, Wolverhampton na Nottingham ilikuwa tayari na mafundi wa cherehani, bunduki, misumari na kufuli, watu waliozoea kupima chuma kwa vipimo vidogo mno. Kampuni ya BSA ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1861, ilikuwa ya kuunda silaha. Hata ilipogeukia baiskeli, nembo yake ilibaki kuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja.

Kampuni iliyokuja kuwapita wenzake wote ilianzia katika karakana ndogo kwenye barabara ya Raleigh, jijini Nottingham. Mwaka 1887, tajiri aliyeitwa Frank Bowden, aliyekuwa ameshauriwa na daktari aendeshe baiskeli kwa ajili ya afya yake, alipendezwa mno na baiskeli ya karakana hiyo hivi kwamba aliamua kuinunua biashara yenyewe. Kufikia mwaka 1951, kiwanda cha Raleigh kilikuwa kikiunda zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka, nyingi zikisafirishwa ng'ambo, zikiwemo nchi zilizotawaliwa na Waingereza kama Kenya.

Kadri miaka ilivyosonga, Raleigh ilizimeza kampuni nyingine zenye sifa: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, Triumph mwaka 1954 na BSA mwaka 1957. Hata hivyo, majina hayo yaliendelea kubandikwa kwenye baiskeli, kwa kuwa wanunuzi waliyaamini.

Fremu na siri ya viungio

Ufundi wa baiskeli ya Kiingereza huanza pale ambapo bomba moja la fremu hukutana na jingine. Tazama kwa makini. Hutaona uvimbe wa kulehemu kama ule wa dirisha la chuma. Utaona kiungio, yaani kikonyo cha feleji kilichofinyangwa ili mabomba yaingie ndani yake kama mkono uingiavyo katika mkono wa koti.

Mabomba yakishaingizwa, fundi alipasha moto sehemu hiyo na kuyeyushia humo shaba ya manjano. Shaba hiyo huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 900 za selsiasi, ilhali feleji huhitaji karibu nyuzi 1,500. Kwa hivyo chuma chenyewe hakiyeyuki wala hakidhoofiki. Shaba huvutwa na kupenya katika upenyo mwembamba ulio kati ya bomba na kiungio, ikayashika pande zote. Upenyo ukiwa mpana kupita kiasi, shaba haipandi. Ukiwa mwembamba mno, haiingii. Ndiyo maana kazi hii ilihitaji jicho na mkono uliozoea.

Faida ya mtindo huu haikuwa nguvu pekee. Kilichounganishwa kwa shaba huweza kufunguliwa kwa moto. Bomba likipinda katika ajali, fundi anayejua kazi yake hulichomoa na kutia jingine bila ya kuiharibu fremu nzima. Baiskeli iliundwa tangu mwanzo ikitarajiwa kwamba siku moja itarekebishwa.

Mabomba yenyewe yalikuwa na madaraja. Mwaka 1897, Alfred Milward Reynolds wa Birmingham, ambaye familia yake ilikuwa ya watengenezaji misumari, alipata hakimiliki ya bomba lenye kuta nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Wazo lake lilikuwa rahisi: bomba huumia kwenye kiungio, basi liongezewe unene pale, na katikati lipunguzwe uzito. Mwaka 1935 kampuni hiyo ilitoa feleji maarufu iliyoitwa 531, iliyochanganywa na manganizi na molibdeni. Hiyo ndiyo iliyotumiwa kwenye baiskeli za mashindano kwa miongo mingi. Baiskeli za kawaida za kazini na sokoni zilitumia mabomba mazito zaidi, na ndizo nyingi zilizofika kwetu.

Wapo mafundi walioufikisha ufundi huu kwenye kiwango cha sonara. Karakana ya Hetchins, huko Tottenham, London, ilisifika kwa viungio vilivyochongwa kwa tupa mithili ya maua na majani, na kwa mabomba ya nyuma yaliyopindwa kwa mawimbi.

Weusi usiochuja

Rangi nyeusi ya baiskeli hizi haikupakwa tu na kuachwa ikauke juani. Fremu ilisafishwa, ikapakwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likaokwa katika tanuri. Kisha mtu mwenye mkono thabiti alichora mistari myembamba ya rangi ya dhahabu.

Hakuna kampuni iliyojivunia jambo hili kama Sunbeam ya Wolverhampton. Mwasisi wake, John Marston, kabla ya kuingia katika baiskeli alikuwa mtaalamu wa kupaka vyombo vya bati rangi nyeusi inayong'aa. Aliyoyajua kwenye sinia na birika akayahamishia kwenye fremu. Aidha, baiskeli zake zilikuwa na kisanduku kilichofunika mnyororo wote, ndani yake mkiwa na mafuta kidogo. Mnyororo ulizunguka ndani ya mafuta hayo, mbali na vumbi na mvua. Mtunzi mashuhuri wa muziki wa Uingereza, Edward Elgar, alikuwa na Sunbeam yake, na aliipenda kiasi cha kuipa jina: Bwana Phoebus.

Kutokana na ubora wa rangi hiyo, baiskeli iliyokaa ghalani nusu karne huweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni na weusi wake ukachomoza tena. Anayekimbilia kuipaka rangi mpya ya kopo huwa amefuta kwa dakika chache kile ambacho hawezi kukirudisha.

Gia iliyojificha

Kama kuna sehemu moja inayostahili kuvuliwa kofia, basi ni kitovu cha gurudumu la nyuma kilichoandikwa Sturmey-Archer. Ndani yake mna gia tatu, na nje huonekani ila mkebe mnene wa chuma na kicheni kidogo kinachoingia kwenye ekseli.

Historia ya majina hayo ina kasoro ya haki ndani yake. Henry Sturmey alikuwa mwanahabari wa masuala ya baiskeli, na James Archer alikuwa mhandisi. Lakini fundi aliyeibuni gia iliyoingia sokoni aliitwa William Reilly. Kwa kuwa Reilly alibanwa na mkataba uliofanya uvumbuzi wake uwe mali ya kampuni nyingine, hakimiliki iliandikishwa kwa jina la Archer. Gia ilianza kuuzwa mwaka 1903 chini ya Bowden wa Raleigh, na jina la Reilly likasahaulika. Mamilioni ya watu wameendesha kazi ya mikono yake bila ya kuwahi kumsikia.

Aina iliyoenea kupita zote ni ile yenye alama AW, iliyotoka mwaka 1936. Utendaji wake hufanana na jua na sayari. Katikati kuna gurudumu dogo lenye meno 20 lililokazwa kwenye ekseli, nalo halizunguki. Hilo ni jua. Kulizunguka kuna vigurudumu vinne, kila kimoja kikiwa na meno 20. Hizo ni sayari. Nje yake kuna pete yenye meno 60 upande wa ndani.

Katika gia ya pili, nguvu ya mnyororo hupita moja kwa moja hadi kwenye gurudumu. Katika gia ya kwanza, mnyororo husukuma pete, na fremu ndogo iliyobeba sayari ndiyo inayozungusha gurudumu, polepole zaidi kwa robo. Katika gia ya tatu mambo hugeuzwa: mnyororo husukuma sayari, nazo zikaizungusha pete kwa kasi zaidi kwa thuluthi.

Kwa mfano, tuseme kwamba katika gia ya pili mzunguko mmoja wa pedali humsogeza mwendeshaji mita 6. Gia ya kwanza itamsogeza mita 4.5, na ya tatu mita 8. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kupanda mlima akiwa ameketi.

Yote haya yamefungiwa ndani ya chuma. Tope haliingii, vumbi haliingii. Kuna kikofia kidogo juu ya kitovu cha kutilia mafuta mepesi, matone machache kwa mwezi. Akitimiziwa haki hiyo ndogo, mtumishi huyu hutumika miaka 50 bila ya manung'uniko. Ule mlio wa 'tik tik tik' unaosikika baiskeli ikisukumwa si ugonjwa. Ni vijino vidogo vya ndani vinavyoteleza na kudakia, ishara kwamba ungali mzima.

Kampuni hiyo hiyo ilitengeneza pia dinamo iliyowekwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Dinamo za kawaida huegemea tairi na kulikwaruza. Hii ilizungusha sumaku ndani kwa ndani, kimya, na taa ikawaka bila ya betri.

Magurudumu, breki na tandiko

Hesabu spoki. Baiskeli ya kawaida ya siku hizi aghalabu huwa na spoki 36 mbele na 36 nyuma. Waingereza wa zamani walitia 32 mbele na 40 nyuma. Sababu ni kwamba gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, la mwendeshaji na la mzigo, hivyo likaongezewa spoki zilizopunguzwa mbele. Jumla ni ileile 72, lakini zimegawanywa kwa busara.

Breki za baiskeli ndefu hazikutumia waya. Zilitumia vijiti vya chuma vilivyounganishwa kwa vifundo, kutoka kwenye usukani hadi kwenye gurudumu. Ukibana, kipande chenye umbo la kikuku cha farasi huinuka na kugusa rimu kutoka upande wa ndani. Waya hukatika, kijiti hakikatiki. Kwa mtu anayeishi mbali na duka la vipuri, hilo lilikuwa jambo la maana.

Tandiko bora lilitoka kwa Brooks, kampuni iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1866 na mtengenezaji wa hatamu na bidhaa za ngozi. Ngozi nene ya ng'ombe ililowekwa, ikavutwa juu ya kalibu, ikakaushwa, ikakatwa kingo na kupigiliwa kwa ribiti kwenye fremu ya chuma yenye springi. Tandiko hilo huwa gumu mwanzoni, lakini baada ya miezi kadhaa hujifinyanga kwa umbo la mwenyewe. Ndiyo sababu wazee hawakupenda kuazimana baiskeli. Chini ya pua yake kuna nati ya kuikaza ngozi inapolegea.

Haikuwa malaika

Itakuwa ni kumdanganya msomaji tukimpa sifa bila ya dosari. Baiskeli hii ni nzito. Breki zake za vijiti, zikisugua rimu ya feleji iliyopakwa kromu, hudhoofika sana mvua inaponyesha, na aliyeteremka mlima nayo kwenye tope anajua maana ya kusali kwa dhati. Kitovu cha AW nacho kina pengo kati ya gia ya pili na ya tatu. Waya wake ukilegea, pedali huzunguka bure ghafla, na aliyesimama juu yazo huweza kujiumiza vibaya.

Dawa ya hili la mwisho ni rahisi. Weka gia ya pili. Chungulia kwenye tundu la nati ya kulia ya gurudumu la nyuma. Kijiti kidogo kinachoungana na kicheni kinapaswa kuwa sambamba kabisa na ncha ya ekseli. Kikiwa kimejitokeza nje, legeza waya. Kikiwa kimeingia ndani kupita kiasi, ukaze. Kazi hiyo haihitaji spana wala hailipiwi senti.

Kosa lililonifunza

Kuna jambo jingine ambalo nililijua kwa kuchelewa. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu, na mwanzoni mwa miaka ya sitini alinunua Raleigh iliyompeleka shuleni na kumrudisha kwa zaidi ya miaka 20. Kitovu chake cha nyuma kimepigwa mhuri wa 61. Alipofariki, niliichukua na kuipeleka kwa fundi ili itiwe ekseli mpya ya pedali, maana ile ya awali ilikuwa imelika.

Sikujua, na fundi naye hakujua, kwamba Raleigh ilikuwa na kipimo chake yenyewe cha hesi, yaani ile mikato ya mzunguko inayoshikanisha kipande na kipande. Kampuni nyingi za Uingereza zilikata mikato 24 kwa kila inchi. Raleigh ilikata 26. Kwa macho, vikombe vya beringi vya aina hizo mbili hufanana kama mapacha, na kipenyo chake ni karibu sawa. Kile kisicho chake huingia mzunguko mmoja au miwili kisha kikakwama.

Fundi aliona ukaidi akaujibu kwa spana ndefu. Nilisikia mlio wa chuma kikilia, na siku hiyo hesi zilizokatwa Nottingham zikageuka kuwa unga uliomwagika sakafuni. Simlaumu yeye peke yake. Mimi ndiye niliyemkabidhi mali nisiyoijua. Baadaye fundi mwingine alitia ekseli ya aina isiyotegemea hesi, na baiskeli inakwenda. Hata hivyo, kila ninapokanyaga pedali, nakumbuka kwamba kilichodumu mikononi mwa baba kwa miongo miwili kiliharibikia mikononi mwangu kwa dakika tano.

Jinsi ya kuitambua

Baiskeli za umbo hili hazikuundwa Uingereza pekee. India na China ziliiga muundo huo, na viwanda vyao ndivyo vilivyotupatia baiskeli nyingi nyeusi tulizozipachika jina la Black Mamba. Hata Raleigh yenyewe ilishirikiana na Wahindi kuunda baiskeli huko Asansol, katika jimbo la Bengal Magharibi. Baiskeli hizo zimebeba mitungi ya maziwa, magunia ya mahindi na wagonjwa, na hazistahili kudharauliwa. Lakini anayetaka kujua kama yake ilitoka Uingereza atazame mambo yafuatayo.

Kwanza, gurudumu la meno lililo kwenye pedali. Wabunifu walilitoboa kwa umbo la nembo ya kampuni. Kwenye Raleigh utaona vichwa vya ndege aina ya korongo. Kwenye BSA utasoma herufi hizo tatu. Rudge ina kiganja cha mkono, na Humber ina watu watano wadogo. Humber za daraja la juu zilitambulika pia kwa uma wa mbele wenye mabomba mawili kila upande.

Pili, beji ya mbele chini ya usukani. Ya zamani ilikuwa ya chuma kilichofinyangwa, wala si karatasi ya kubandika.

Tatu, kitovu cha nyuma. Kwenye Sturmey-Archer za miongo mingi utakuta nambari mbili za mwaka, na mara nyingi nambari ya mwezi kando yake. Ikumbukwe lakini kwamba gurudumu huweza kubadilishwa, hivyo mhuri huo ni shahidi wa gurudumu kwanza, kisha wa baiskeli.

Nne, hesabu ya spoki, 32 na 40, kama tulivyoeleza.

Jinsi ya kuitunza

Usianze na msasa wala rangi. Anza na maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Kutu iliyo juu ya kromu huondoka kwa kusuguliwa na kipande cha karatasi ya alumini kilichochovywa majini. Nati zilizoganda zitiwe mafuta ya kupenya na kuachwa usiku kucha, kwani subira huokoa hesi nyingi kuliko nguvu.

Mikono ya pedali imeshikwa na pini zenye umbo la kabari. Ukipiga pini hiyo kwa nyundo bila ya kuuegemeza mkono wa pedali kwenye kitu kigumu, unazipiga gololi zilizo ndani. Weka kipande cha bomba chini yake, kiguse sakafu, ndipo upige. Pini iliyotolewa isirudishwe, nunua mpya.

Tandiko la ngozi lisioshwe kwa maji mengi wala kupakwa mafuta ya gari. Lipakwe nta ya ngozi, na lifunikwe wakati wa mvua. Ile nati ya chini ya pua ikazwe kwa nadra, robo mzunguko kwa wakati.

Na fundi akitaka kutia kipande kipya, mwulize kwanza kuhusu idadi ya hesi. Asipoelewa swali, mshukuru na uondoke na baiskeli yako.

Kilichobaki

Kiwanda cha Nottingham kiliwahi kuajiri maelfu ya watu. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Alan Sillitoe, ambaye baadaye alikuwa mwandishi. Riwaya yake ya mwaka 1958, Saturday Night and Sunday Morning, ina mhusika mkuu anayefanya kazi katika kiwanda cha baiskeli. Mnamo 1960 Raleigh iliingia chini ya kundi la Tube Investments. Kisha watu wakanunua magari, na baiskeli za bei nafuu zikaja kutoka Mashariki ya Mbali.

Mwaka 2000, Sturmey-Archer ilinunuliwa na kampuni ya SunRace, na utengenezaji wa vitovu ukahamia Taiwan. Mwaka 2002, baiskeli ya mwisho iliundwa Nottingham. Sehemu ya ardhi ya kiwanda hicho leo ni bewa la Jubilee la Chuo Kikuu cha Nottingham. Panapofundishwa wanafunzi ndipo palipokuwa na mitambo.

Si yote yaliyozimika. Brooks ingali inatengeneza matandiko ya ngozi huko Smethwick, karibu na Birmingham, ingawa mwenyewe sasa ni kampuni ya Italia. Kampuni ya Pashley, iliyoanzishwa mwaka 1926, imeendelea kuunda baiskeli za mtindo wa kale huko Stratford-upon-Avon.

Kwetu nako mambo yamegeuka. Boda boda, neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika eneo la Busia, lilikuwa na maana ya baiskeli kwanza. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa pikipiki ndogo, wenye baiskeli walianza kusukumwa kando, na mafundi wao wakafuata kazi kwenye injini. Kijana aliyejifunza kukaza spoki kwa kusikiliza mlio wake, akiziguza mojamoja kama nyuzi za zeze, sasa ni vigumu kumpata.

Hapo ndipo hasara ilipo. Chuma kinaweza kuyeyushwa na kuundwa upya. Maarifa ya mkono hayana tanuri la kuyarudishia. Wahenga walitunasihi tusiache mbachao kwa msala upitao, na baiskeli iliyoundwa ili irekebishwe, iliyodumu kuliko mwenyewe, ni mbacha uliofumwa vyema.

Mwenye mkokoteni atakapokuja na mizani yake, msomaji, usimkaripie, kwani naye anatafuta riziki. Mwambie tu asubiri. Nenda ghalani, ifute vumbi, soma beji, tafuta mhuri kwenye kitovu, kisha inua gurudumu la nyuma na ulizungushe. Ukisikia 'tik tik tik', mrudie umwambie kwamba hiyo haiuzwi kwa kilo.